Chumba Kikubwa Tulichopewa Busia

Watu wakianza kusimulia jinsi walivyofika hotelini wakapewa chumba kizuri kuliko kile walichoagiza, mimi huinuka nikaenda kuosha vyombo. Hata kama ni nyumbani kwa wenyewe. Sipendi hadithi hizo, sipendi tabasamu linaloziandama, na sipendi zile picha za kitanda zinazopitishwa mezani ili sote tuseme loo. Mimi pia nilipewa chumba kama hicho, mjini Busia, miaka minne iliyopita. Kwa ajili ya chumba hicho mama yangu leo haoni.

Utasema hoteli haiwezi kumpofusha mtu. Ni kweli. Hoteli iliuliza, mimi nikajibu ndiyo.

Mama anaishi Adungosi, kwenye shamba lile lile alilotuzalia na kumzikia baba. Analima karanga na mihogo, na mpaka miaka ile alikuwa akitembea peke yake hadi sokoni na kurudi na mzigo kichwani. Presha ya macho ilimwingia bila maumivu, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Alianza kugonga viti, tukamcheka. Akamimina chai kando ya kikombe, tukasema ni uzee. Tulipokuja kumpeleka kwa daktari, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa, na la kulia lilikuwa limebakiwa na njia nyembamba katikati. Kilichokuwa mbele yake moja kwa moja alikiona vizuri. Pembeni hapakuwa na kitu. Ukikaa kando yake alisikia sauti tu, ukija mbele yake alikuona mpaka kovu la kidevuni.

Daktari wa upasuaji alikuwa akija kliniki moja ya macho mjini Busia mara moja kila baada ya miezi mitatu. Alituambia wazi, mimi na mama, kwamba akilipasua jicho lile siku aliyotupangia, mwanga uliobaki ungebaki. Tukichelewa, hakuna daktari wa kuurudisha. Akasema pia mgonjwa asije asubuhi hiyo kwa pikipiki akiwa amejaa vumbi la barabara. Alale mjini, atiwe dawa jioni na alfajiri, na saa kumi na mbili asubuhi awe mlangoni.

Mama alikuwa na mpango wake. Rafiki yake wa kanisani anaishi Burumba, humo humo mjini, na angemtandikia godoro sebuleni. Mimi nikakataa. Nilitaka mama alale hotelini. Katika maisha yake yote hajawahi kulala kitanda kilichotandikwa na mtu anayelipwa, na mimi, mtoto wake niliyesoma nikaenda kuishi Nakuru, nilitaka niwe ndiye niliyempa usiku huo. Nikisema ukweli, nilitaka pia dada zangu wajue kwamba ni mimi.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo Mteso wa kwetu hahitaji kuelezwa. Mama mkwe na mume wa bintiye hawapeani mkono. Hawali meza moja. Wakikutana njiani, mmoja hupinda akapita kwenye majani. Hawalali chini ya paa moja, na mmoja hapaswi kujua hata rangi ya shuka la mwenzake. Si chuki. Ni heshima, tena heshima ambayo hata askofu haipati. Mume wangu ni Mluhya wa Bumala, na kwao mambo ni hayo hayo, kwa hiyo katika miaka kumi na tisa ya ndoa yetu wawili hao walikuwa wamependana kwa umbali wa shamba zima. Yeye akinunua sukari, mimi naipeleka. Mama akikaanga karanga, mimi nazibeba. Mama akiugua, mume wangu anasimama barabarani na kuuliza wapita njia kama amekula.

Ndiye aliyegharamia upasuaji, na ndiye ambaye angetuendesha hadi kliniki na kumrudisha mama nyumbani bila vumbi, yeye mbele, mama nyuma na leso kichwani. Hilo mama alilikubali. Lakini kuhusu hoteli alinihoji kwa simu kwa karibu wiki tatu.

"Mlango wangu utaangalia wapi?" aliniuliza kwa Kiteso.

"Utaangalia bustani, mama."

"Na wake?"

"Wake uko jengo lingine. Ghorofani. Mbele."

"Ukuta wangu na wake utagusana?"

"Hautagusana."

"Maji anayooga yatapita wapi?"

Nilicheka siku hiyo, nikapiga simu hotelini, nikauliza. Nikaagiza vyumba viwili, kimoja jengo la nyuma chini kabisa, na mlango wake wa kutokea nje, kingine jengo la mbele ghorofani. Nikamwambia mama kila kitu kilivyo. Akasema sawa, atakuja. Mtu asiyemjua mama yangu hawezi kuelewa sawa hiyo ilikuwa na uzito gani.

Tulitoka Nakuru alfajiri, mimi na mume wangu. Bumala tulisimama kununua ndizi, akawasalimia watu wake dirishani, tukaendelea. Tulifika Busia saa tisa alasiri, jua likiwaka, malori ya kwenda Uganda yamepanga foleni ndefu. Mume wangu alibaki kwenye gari akitafuta kivuli cha kuegesha. Mimi nikaingia mapokezi.

Dada wa mapokezi alikuwa na sura ya kupendeza, sitamsingizia. Alitafuta jina langu kwenye kompyuta, kisha akatabasamu.

"Madam, niko na good news yenu. Tumewaupgrade."

"Mmefanya nini?"

"Badala ya hizo room mbili, nawapatia family suite. Iko juu kabisa. Bedroom mbili, sitting room, TV kubwa, AC, na juice mnaletewa bure. Hakuna kuongeza kitu."

Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia kuna watu wa semina wameingia na wangependa kukaa pamoja jengo la nyuma. Na hapa ndipo pananiuma kila siku, kwa sababu aliendelea kusema, bila mimi kumuuliza: "Lakini kama unataka zile zako, sema tu, madam. Hiyo ya chini bado sijapeana. Ukisema niwache hivyo, nawacha."

Ufunguo ulikuwa pale juu ya kaunta. Niliuona. Ulikuwa na kipande cha mbao chenye namba ya chumba cha mama.

"Mlango wa kuingilia ni mmoja?" nikauliza.

"Mlango kubwa ni moja, lakini kila bedroom iko na mlango yake na lock."

"Na choo?"

"Choo ni moja. Lakini ni kubwa sana, madam."

Mtu mwenye akili angeuchukua ule ufunguo wenye mbao. Mimi kichwa kilikuwa kimeshavimba. Sijazoea kuongezewa kitu. Nimekulia nyumba ambayo mgeni akija ndiye anayepewa kiti na sisi tunakaa chini, na nimeishi Nakuru miaka mingi nikiwaona wengine wakiitwa waje mbele ya foleni. Siku hiyo niliitwa mimi. Nikajiambia hoteli si boma la mtu. Nikajiambia mama akiiona ile TV kubwa atasahau mambo ya kuta. Nikajiambia nitampokea mwenyewe bustanini, nimnunulie soda, nimweleze taratibu. Nikasema sawa, nikatia sahihi.

Mume wangu akaingia na mabegi. Nikamweleza. Hakufurahi nilivyotarajia.

"Na mama?"

"Nimeongea na yeye," nikasema.

"Amekubali kulala hapo ndani na mimi?"

"Amekubali. Anasema hoteli si boma ya mtu."

Aliyaweka mabegi chini. "Mama yako amesema hivyo? Yeye mwenyewe?"

"Watu wanabadilika."

Aliniamini. Kwa miaka kumi na tisa sijawahi kumdanganya juu ya mama, hakuwa na sababu ya kushuku. Alikuwa amechoka na barabara, shati limemganda mgongoni. Akabeba mabegi juu.

Na kweli kilikuwa chumba. Sitajifanya sikukipenda. Sebule yenye viti vya ngozi, pazia zito, sakafu inayong'aa, kitanda cha mama kikubwa kiasi kwamba angelala na wajukuu wake wote. Mume wangu akaingia kuoga. Mimi nikaingia kile chumba cha mama, nikafunga mlango ili baridi ya mashine isitoke, nikaanza kupiga picha. Nilipiga kitanda, nikapiga mito, nikapiga taulo zilizokunjwa kama maua, nikazituma kwenye kundi letu la dada. Niliandika: Mama leo analala hapa. Dada zangu wakaanza kujibu kwa vigelegele.

Mama alikuwa ameniambia atafika saa kumi na moja. Alifika saa kumi. Mtu wake wa boda wa Adungosi alikuwa amewahi kumaliza kazi, wakatoka mapema. Yule dada wa mapokezi alipomwona mama mzee anayepapasa kaunta, akafanya alichofanya kwa wema mtupu. Akatoka nyuma ya meza, akamshika mkono, akamwambia, "Karibu mama, watoto wako wako juu," akampandisha ngazi moja moja mpaka ghorofa ya mwisho. Akabisha mlango.

Mimi sikusikia. Nilikuwa napiga picha za mito.

Mume wangu alisikia. Alikuwa ndio anatoka bafuni. Akadhani ni ile juisi ya bure. Akafungua mlango akiwa na taulo kiunoni, maji yakimtiririka kifuani, akanyoosha mkono kupokea trei.

Kama mama angekuwa amesimama kando, asingeona kitu. Alisimama katikati ya mlango.

Sauti niliyosikia haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa pumzi inayovutwa ndani na haitoki. Nilipofungua mlango wangu, mama alikuwa amekwisha kujifunika leso uso mzima na kugeuka, anaitafuta ngazi kwa mguu. Mume wangu alikuwa ameketi chini nyuma ya mlango, magoti kifuani, mikono kichwani. Mtu mzima wa miaka hamsini. Yule dada wa mapokezi alikuwa anacheka cheko la kuficha aibu.

"Pole mama, pole. Si ni mkwe wako tu?"

Nilimkuta mama nje, kwenye uwanja wa magari, ameketi juu ya ukingo wa maua na mkoba mapajani. Alikuwa ametazama ukuta. Nilipiga magoti mbele yake ili anione. Akageuza uso.

"Dada," akasema, "niitie ule mtu ya pikipiki."

Alisema kwa Kiswahili. Mama yangu huongea Kiswahili na watu wa serikali, na wauza mbolea, na wageni. Kwangu hajawahi kukitumia tangu nizaliwe. Na aliniita dada, vile anavyowaita wasichana wa dukani asiowajua.

"Mama, nisikilize," nikasema kwa Kiteso.

"Niitie ule mtu. Naenda kwangu."

"Kesho saa kumi na mbili daktari anakungoja. Lala Burumba basi, kwa rafiki yako. Nitakupeleka kwa miguu. Hatutapanda gari lake."

"Kesho hakuna kitu."

"Mama, ni jicho lako!"

"Ndiyo. Ni jicho yangu. Na hii jicho imeona mwili ya mkwe wangu. Unataka waipasue na hiyo kitu ikiwa ndani? Mpaka isafishwe kwanza. Mimi sijachoka kuishi."

"Ilikuwa taulo tu. Hukuona kitu."

"Niliona." Akakunja leso mara mbili, polepole. "Mungu ameniwachia mahali kidogo tu ya kuonea. Na wewe ukaweka mkwe wangu hapo."

Dada wa mapokezi alikuja mbio na ule ufunguo wenye kipande cha mbao, amemnyang'anya mtu wa semina, anahema. "Mama, hii hapa room yako ya chini, nimerudisha, iko tu sawa." Mama alimshukuru kwa upole. Akamwambia Mungu ambariki. Kisha akapanda pikipiki, akamshika mtu wa boda mabegani, wakatoka getini kurudi Adungosi, jua lingali juu. Nilitaka kupanda nyuma yake. Akaweka mkoba pale nilipotaka kukaa.

Mume wangu alishuka kwa ngazi za nyuma akiwa amevaa, amechomekea shati vizuri kama mtu anayekwenda msibani. Aliingia garini. Angelala Bumala kwa watu wake, hakutaka kuwa mji mmoja na mama usiku huo hata kama mama alikuwa ameshaondoka. Kabla ya kuwasha gari aliniambia neno moja tu.

"Ulisema umeongea na yeye."

Nikabaki peke yangu na vyumba vile vyote. Jioni ile ile juisi ililetwa, bilauri tatu, kila moja na kipande cha nanasi ukingoni. Nilizinywa zote tatu kwa hasira, moja baada ya nyingine, nikasimama dirishani nikiangalia malori. Simu ilikuwa bado inaita vigelegele vya dada zangu. Mmoja aliuliza mbona simwonyeshi mama mwenyewe akiwa kitandani.

Asubuhi nilikwenda kliniki kumweleza daktari. Alinisikiliza akiwa amesimama, glavu mkononi. Hakunidharau, ila hakuwa na muda.

"Miezi mitatu ni mingi kwa hilo jicho," akasema. "Fanyeni haraka na hayo mambo yenu." Akamwita mgonjwa anayefuata.

Haraka! Mambo ya mkwe hayajui neno hilo. Kusafisha ni kitu kidogo ukikieleza. Mkwe analeta blanketi na mbuzi jike, wazee wa pande mbili wanakaa, maji yananyunyizwa, maneno yanasemwa, yamekwisha. Lakini lazima awepo mkubwa wa upande wetu, na baba akiwa hayupo, mkubwa ni baba mdogo. Baba mdogo anafanya kazi Malaba, anashughulikia karatasi za malori yanayovuka. Nilimfuata huko wiki ile ile. Nilimkuta katikati ya malori mawili, kalamu sikioni, jasho likimtoka.

"Mama," akaniambia, kwa maana nilipewa jina la mamake, "hii kitu haiendi mbio. Mkwe si lori. Wacha nimalize hizi gari, nitapanga siku."

Hakuyamaliza. Malori ya Malaba hayaishi. Siku ilipopangwa, kukawa na kifo upande wa Amukura, na hakuna mtu anayekalia mambo ya blanketi wakati wa matanga. Ikapangwa nyingine, baba mdogo akavuka kwenda Tororo kwenye harusi akakaa wiki mbili. Ikapangwa ya tatu, yule mzee wa Bumala aliyepaswa kumsindikiza mume wangu akavimba mguu. Kila sababu ilikuwa ya haki. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linalonifanya nitamani kuvunja vyombo. Ningekuwa na adui ningelala vizuri.

Daktari alikuja Busia mara ya pili akaondoka. Mama alikuwa akiniambia kwa simu, kwa Kiswahili, kwamba yuko sawa. Kaka yangu aliyebaki Adungosi ndiye aliyeniambia kwamba siku hizi mama anamtambua ng'ombe kwa kumpapasa pembe.

Katikati ya miezi hiyo hoteli ikanitumia ujumbe. Walinishukuru kwa kuwachagua na wakauliza kama nilifurahia mshangao wao. Waliniomba niwape nyota. Nilikuwa nimesimama jikoni Nakuru, nimeshika mwiko. Niliwapa tano. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ya yule dada aliyekimbia na ufunguo.

Wazee walikaa hatimaye mwezi wa tano tangu siku ile ya hoteli. Mbuzi akaletwa, blanketi likaletwa, jekundu, zito, la bei. Mama aliketi upande mmoja wa nyumba na mume wangu upande wa pili, migongo imeelekezana, ukuta katikati, na mwanamke mmoja mkongwe akazunguka na maji na majani akiwanyunyizia. Baba mdogo akasema yaliyoonwa yameondoka. Yote hayo hayakufika saa moja. Nilitazama simu, nikaona muda, nikatoka nikaenda nyuma ya choo kulia kwa uchungu na ghadhabu.

Siku hiyo mama alianza tena kusema nami kwa Kiteso. Alinishika mkono akaniambia, "Haya, sasa nipeleke kwa daktari wako." Alikuwa mchangamfu. Alikuwa tayari amefunga nguo zake kwenye mkoba.

Daktari alipokuja tena Busia, alimulika jicho lile kwa taa yake ndogo. Akamulika tena kutoka pembeni. Kisha akaizima, akakaa kwenye kiti chake, akamwambia mama, si mimi, "Mama, hapa hakuna kitu ya kupasua tena. Pole sana."

Mama akauliza kama taa ilikuwa imewaka.

Nimeyaandika haya kwa sababu hakuna anayenilaumu, na nimechoka kutolaumiwa. Dada zangu wanasema ni ugonjwa. Padri anasema ni mapenzi ya Mungu. Baba mdogo anasema angalau heshima ya boma ilibaki. Mume wangu hajalitaja jambo lile tena, ila tukisafiri na tukafika mahali pa kulala, hunipita akaenda mwenyewe mapokezi. Mimi hukaa garini. Mama naye hujigamba kwa majirani kwamba mtoto wake aliwahi kumkodishia chumba Busia, na hataji kilichotokea. Ananisitiri. Mimi niliyemtia gizani, ananisitiri.

Mwaka huu, wakati wa kuvuna karanga, tulikwenda Adungosi. Mume wangu alisimama barabarani kama kawaida yake. Baba mdogo, ambaye alikuwa amekuja kutoka Malaba siku hiyo, akatoka kumwita.

"Kuja tu ndani, mkwe. Mama haoni sasa. Mnaogopana nini?"

Mume wangu akakataa, akaombwa, akakataa, akaombwa tena. Mwisho akavuka lango, akapiga hatua chache uani, akasimama. Mama alikuwa ameketi mbele ya jikoni akimenya karanga. Mume wangu akakohoa. Mama akakijua kile kikohozi.

Ungo ukamwagika. Mama aliinuka, akajifunika leso, akaanza kukimbia vile anavyopaswa kukimbia mama mkwe, haraka na kwa adabu, mikono imetangulia. Nadhani alikuwa anakusudia kwenda nyuma ya jikoni. Alikosea upande. Alikimbilia langoni, moja kwa moja kwa mume wangu.

Mume wangu hakuweza kumshika, na hakuweza kusema, kwa sababu sauti yake ingemwaibisha zaidi. Akarudi nyuma. Akarudi nyuma tena, mpaka mgongo ukagota kwenye ua. Leso ilikuwa imeshaanguka njiani. Mama akasimama hatua moja mbele yake, uso wazi, anahema, anasikiliza. Mume wangu alikuwa anamtazama usoni kwa mara ya kwanza maishani mwake, machozi yakimdondoka shatini, na wala hakugeuka.

Nilifika, nikamshika mama mabega, nikamgeuza, nikamwongoza polepole mpaka nyuma ya jikoni. Nikamketisha.

"Ameniona?" akaniuliza.

"Hapana, mama," nikasema. "Yuko mbali. Yuko barabarani."

Alishusha pumzi. Akanipapasa shavu, akanishukuru, akaniomba nimletee karanga zilizomwagika. Aliniamini. Siku hizi hana njia nyingine ya kujua.